Mtu Akikalia Birika, Zima Injini

Vijana wanaosafisha paneli za sola pale kisimani Haro Dheer wamenishika wakaniambia, "Adeer, sasa umestaafu, keti uandike ulivyofanya kazi, sisi tusome." Adeer ni ami, ndivyo wanavyoniita, hata wale ambao sijui ni watoto wa nani. Basi nimeandika. Shule nilifika darasa la pili, nikatolewa kwenda kuchunga, kwa hivyo anayetaka Kiswahili cha redio asome kwingine. Habari za kupanda cheo zitakuwa fupi kwa sababu sikupanda. Mshahara ni wangu na mke wangu. Mimi nilikuwa mtu wa injini. Kisima chetu, kaskazini mwa Garissa kabla hujafika Habaswein, kilipewa uhai na mkono huu, na hilo nalisema bila aibu.

Nilianza kama mbeba mchanga. Kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa baba, nami nilikuwa na nguvu na sina cha kuchunga. Serikali ilikuwa imechimba kisima, sasa wanajenga birika refu la kunyweshea mifugo. Aliyesimamia mashine alikuwa Fundi Mutua, Mkamba wa Kitui, mfupi, taulo shingoni, mtu anayekunywa chai bila maziwa mahali ambapo kukataa maziwa ni kama kumtukana mama wa mtu. Siku moja akaniona nimesimama kando ya injini nikiisikiliza wakati wenzangu wamelala kivulini. Akasema kitu. Mimi sikuwa na Kiswahili hata cha kuomba maji. Akanionyesha kwa mkono hendeli, chuma cha kuzungusha mpaka injini iwake.

Hendeli ile ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma kama ngamia jike anayekataa kukamwa. Mutua akanishika dole gumba akalitoa mahali nilipolizungusha, akaliweka upande mmoja na vidole vingine. Sikuelewa ni kwa nini. Wiki hiyo hiyo injini ikarudi nyuma, hendeli ikaniponyoka, nikabaki na mkono mzima. Dereva wa lori la maji, aliyejifanya anajua, alizungusha gumba lake, akapelekwa hospitali Garissa. Nyinyi wa sola hamtashika hendeli maishani mwenu, lakini nimeiandika, labda siku moja jua litagoma.

Maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili yalikuwa spana, girisi na pumbavu. La tatu nilidhani ni jina langu. Mutua alinifundisha kugusa beringi kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu tumbo la kiganja likiungua huwezi tena kushika kitu. Alinifundisha kuchuja dizeli kwa kitambaa hata kama aliyeileta ameapa ni safi. Alinifundisha kupima maji kwa kuteremsha kamba yenye mafundo na chuma mwishoni, kisha kuitoa na kuangalia imelowa mpaka fundo gani. Hakunisifu hata mara moja. Alipohamishwa aliniachia taulo.

Sasa nitaeleza jambo la birika, maana bila hilo mengine hayana maana.

Injini ya dizeli ina kelele. Mtu akisimama karibu nawe akipiga mayowe kwamba ameibiwa zamu ya kunywesha, unaona mdomo unafunguka na kufungika tu. Basi mwaka wa kwanza, mzee mmoja jina lake Gedi aliporukwa zamu, alipiga kelele mpaka akachoka. Akapanda juu ya birika, akaenda akakaa pale bomba linapomwagia, maji yakimpiga mapajani, fimbo magotini. Ng'ombe wakaogopa, wakarudi nyuma. Mtu akakimbia akazima injini. Kimya kikaingia, ndipo Gedi akasema yake, taratibu, na kila mtu akasikia.

Mutua akatoka mbio na spana. "Nani amezima injini yangu?"

"Mzee amekaa," nikamwambia kwa Kiswahili changu cha kuokota.

"Amekaa wapi?"

"Kwa birika."

"Kwani hapa hakuna viti?"

Lakini kuanzia siku hiyo ikawa sheria. Mtu akikalia birika, injini inazimwa. Aliyeshtakiwa anakuja, anasimama mbele yake, anajibu mbele za watu. Wakimaliza, aliyeshtakiwa ananyoosha mkono na kumwinua aliyekaa. Hata kama ana haki, lazima amwinue. Kumwinua si kukubali kosa, ni kuonyesha kwamba umemsikia. Bila mkono huo injini haiwashwi, na ngamia mia watakaa na kiu wakikuangalia wewe. Utanyoosha tu. Mutua mwenyewe baadaye aliniambia, "Siku mtu akikaa, zima pole pole. Ukiizima kwa hasira unaharibu injini na unaharibu mtu."

Hata mimi nilikaliwa. Habiba, wakati huo bibi arusi mpya mwenye mbuzi wa mahari na ulimi wa wembe, alinikalia kwa sababu niliwaruhusu ngamia wa wapita njia wanywe kabla yake. "Huyu ana dizeli masikioni!" alisema. "Mbuzi wangu wamelia tangu asubuhi, yeye anawasikia ngamia wa wageni tu!" Nikajibu kwamba mgeni anatangulia, hiyo ni desturi yetu sote. Akasema mgeni anatangulia mara moja, si kila mara, na wale wageni wamekuwa wakipita tangu mwezi uliopita. Watu wakacheka. Alikuwa na haki. Mwanamke wa watu humshiki mkono, kwa hivyo unamnyooshea ncha ya fimbo, yeye anashika, wewe unavuta. Nikavuta. Akainuka akikung'uta maji kwenye nguo kama malkia. Tangu siku hiyo kila akipita ananiuliza, "Masikio yako yanaendeleaje?"

Kisha zikaja kamati. Tuliambiwa kisima ni chetu, tuchague watu wa kukiongoza. Tukajipanga nyuma ya wagombea, na aliyekuwa na foleni ndefu akashinda. Foleni ndefu ilikuwa ya ukoo mkubwa, na ukoo mkubwa ulikuwa wa Dubow, akawa mwenyekiti. Sitamsema vibaya sana, amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Aliuza dizeli yetu kwa malori. Aliniamrisha niwashe injini kwa ajili ya ngamia wake wakati beringi imeshika moto; nilipokataa alinipiga kofi, na ngamia hao hao wanatazama. Alichaguliwa tena mara mbili.

Lakini niandike na hili. Dubow alikaliwa mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila mara alikuja. Alikuja akitukana kutoka mbali, akaja akisema wote ni waongo, lakini alisimama pale, akajibu, akanyoosha mkono. Angefanya nini? Uchaguzi ulikuwa mbele, na aliyekaa alikuwa na wana. Dubow alikuwa mwizi mwenye mkono.

Mwisho kamati iligawanyika pande mbili. Siku moja pande zote zikaja na mifugo kwa wakati mmoja, kila moja ikisema mwenyekiti wake ametoa zamu. Walipigana kwa fimbo. Kijana mmoja alipoteza jicho. Mtu akaangusha jiwe kwenye kisima kwa hasira, pampu ikakwama. Nilikaa kando ya injini iliyokufa nikisikia ng'ombe wakilia, nikasema moyoni: kama huku ndiko kuchagua, waje wasiochaguliwa.

Walikuja. Kule Garissa iliamuliwa kwamba kisima chetu na vingine vya upande huu vitaongozwa na bodi ya wataalamu, bila kura. Walishuka kwenye gari watano: injinia wa maji, daktari wa mifugo, mtu wa malisho, mhasibu, na mmoja ambaye hata leo sijui alikuwa mtaalamu wa nini, lakini kompyuta yake ilikuwa kubwa kuliko za wote. Mhasibu nilimtambulisha kwa wazee kwamba ametoka Kenya, kama tunavyosema sisi kwa mtu wa bara. Akaniuliza, "Na hapa ni wapi, mzee?" Nikamwambia, "Hilo tunawauliza nyinyi."

Injinia alikuwa msichana wetu, Nasra, aliyezaliwa Garissa mjini. Alizungumza Kisomali safi, akamsalimia kila mzee, akaomba kuona kamba yangu ya mafundo. Aliishika kwa heshima. Akatuambia ukweli ambao Dubow hakutuambia hata siku moja: maji ya chini yanashuka, tumekuwa tukivuta kuliko yanavyorudi, na tukiendelea hivi kisima kitakufa. Hakuahidi kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Habiba, sasa mjane mwenye mvi lakini ulimi ule ule, akainua mkono. "Mmesema vizuri. Sasa mkikosea, tutamkalia nani?"

Mhasibu akaomba atafsiriwe. Alipoelewa akacheka. "Mwambie mama asikalie mtu. Tutaweka namba ya simu."

Nasra hakucheka. Alisema, "Eeddo, tutajitahidi tusikosee." Eeddo ni shangazi, ni neno la heshima. Habiba akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyepewa chai baridi.

Nikasimama mimi. Nikasema tumechagua wezi, tukachagua watoto wa wezi, tumetoana macho, tuwaachie wanaojua. Watu wakaitikia. Na mkiniuliza leo, bado nasema Dubow angekiua kisima. Hilo sitalirudisha.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, walahi. Walitoa jiwe, wakaweka pampu mpya na paneli za sola. Zamu zilipangwa kwa hesabu, hakuna ukoo mkubwa wala mdogo. Maji ya nyumbani tulichota kwa kadi, unagusa mfereji unatoa, mtungi ukijaa unafunga. Daktari alichanja mifugo. Hakuna aliyepigwa fimbo. Kura hatukupiga tena kwa jambo lolote la kisima, na nyinyi vijana mlikua mkidhani kura ni ya bunge tu.

Injini yangu waliipakia kwenye lori. Nilishika kamba wakati inapandishwa. Lori lilipoondoka nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia pale mchana: ndege. Masikio yalinilia kwa majuma. Sola haina kelele. Inafunguliwa na kufungwa kutoka Garissa. Kuna kipimo kimeteremshwa ndani ya kisima, kinasema, na huko mtu au kompyuta inaamua. Mimi nikapewa kitambaa na ndoo nifute vumbi. Nilifuta vizuri. Kazi ni kazi.

Sikuliona jambo wakati huo. Tulizima injini ili mtu asikike. Sasa hakukuwa na cha kuzima.

Mvua ikakosa, ikakosa tena. Kipimo kikashuka. Siku moja asubuhi bomba la birika halikumwaga. Mfereji wa nyumbani ulitoka, birika halikutoka. Simu ikaniingia: bodi imefunga maji ya mifugo mpaka kisima kirudi, mifugo yote ipelekwe kisima kingine upande wa Habaswein ambako maji yanatosha. Wenye ngamia wakaondoka siku hiyo hiyo. Wenye ng'ombe wenye nguvu wakawafuata. Habiba alibaki. Ng'ombe wake walikuwa wachache, wamebaki mifupa na macho, hawakuweza kutembea nusu ya njia ile. Wanawe wako Nairobi wanauza nguo, hawajui hata majina ya ng'ombe. Aliwagawia maji ya mtungi wake wa nyumbani, nusu yake, kisha zaidi ya nusu. Midomo yake ikapasuka.

Nikapiga ile namba ya simu. Sauti ya msichana ikaniambia malalamiko yangu yamepokelewa. Nikamwambia si malalamiko, ni ng'ombe. Akasema yamepokelewa.

Kesho yake nikamkuta Habiba amekaa. Birika kavu, lina ufa na mavi ya zamani, naye amekaa mahali pale pale bomba linapomwagia, fimbo magotini, uso kuelekea Garissa. Ng'ombe wake wamelala chini mbele yake.

"Masikio yako yanaendeleaje?" akaniuliza.

"Yanasikia, Habiba. Shuka, jua ni kali."

"Zima injini."

"Hakuna injini."

"Najua," akasema. "Basi mwite aliyefunga."

Niliwapigia wote niliokuwa na namba zao. Daktari wa mifugo akasema yeye alishauri tu kuhusu mifugo. Mtu wa malisho akasema ni sahihi kwa malisho, nyasi zinazozunguka kisima zinahitaji kupumzika. Mhasibu akasema hilo si la fedha. Nilimkumbuka Dubow anavyokuja akitukana kutoka mbali, vumbi la miguu yake, na nilitamani nimwone. Sikudhani nitaandika hivyo juu ya mtu aliyenipiga kofi.

Nasra ndiye aliyekuja. Namshukuru kwa hilo, wengine hawakuja. Jua lilikuwa limekwisha kumkausha Habiba. Nilikuwa nimemfunika kwa turubai, amekataa maji yangu, amesema wape ng'ombe. Nasra alivua viatu akaenda akapiga magoti kwenye birika mbele yake.

"Eeddo, nisikilize. Maji yakishuka zaidi pampu itavuta mchanga. Ikivunjika, hata watoto watakosa ya kunywa. Nimeangalia kila njia. Naapa kwa Mungu."

"Nimekubali," Habiba akasema. "Mchanga ni mchanga, sikatai. Nani alisema ng'ombe wangu wafe?"

"Hakuna aliyesema hivyo, eeddo."

"Ndilo ninalouliza. Wanakufa, na hakuna aliyesema. Ni wewe uliyefunga?"

Nasra alikuwa mtu wa kweli, hakuweza kusema uongo hata wa kumfurahisha mzee. "Si mimi peke yangu. Tumekubaliana kwa vipimo. Kipimo kikifika pale, inafungwa. Yeyote angekuwa mahali pangu, ingefungwa."

Kisha akanyoosha mkono. Hakuna aliyemfundisha, labda bibi yake aliwahi kumsimulia. Habiba akautazama mkono ule, mzuri, wenye pete na saa.

"Huu ni mkono wa nani?" akauliza. "Wa kipimo?"

"Ni wangu, eeddo. Inuka, tafadhali."

"Wako sina ugomvi nao. Mimi nimemkalia aliyefunga."

Mkono ulibaki hewani. Msichana yule alilia, na mimi sikumcheka. Alikuwa na haki katika kila alichosema. Nilisogea nikanyoosha ncha ya fimbo yangu, kama zamani. Habiba akatingisha kichwa. "Na wewe hukufunga. Wewe hata kuzima huwezi tena."

Gari la Nasra liliondoka kabla ya alasiri, alikuwa na visima vingine. Habiba alibaki mpaka ng'ombe wa mwisho alipoacha kupumua. Akamtazama kidogo. Halafu akaweka fimbo chini, akashika ukingo wa birika kwa mikono miwili, akajiinua mwenyewe. Aliyumba, akasimama. Katika maisha yangu yote pale sikuwahi kuona mtu akiinuka kutoka mahali pale bila kuinuliwa. Alipita karibu nami na hakuniuliza habari ya masikio. Wanawe walimpeleka Nairobi, na nasikia hasemi sana.

Mvua ilikuja baadaye. Wataalamu walikuwa sahihi, naliandika wazi: maji yalirudi juu, pampu haikuvunjika, watoto hawakukosa ya kunywa hata siku moja. Siku yangu ya mwisho kazini nilifuta paneli, nikakunja kitambaa, nikapanda birika nikakaa mahali pale, taulo la Mutua shingoni. Huko Garissa kitu kikaamua ni wakati. Maji yakaanza kumwagika mapajani mwangu, baridi, safi, kimya. Birika likajaa mpaka ukingoni, mbele yangu hakuna ng'ombe hata mmoja. Lilipojaa maji yakajifunga yenyewe.

Mlikuwepo vijana wawili mkipita na ndoo. Mlinisalimia mkaendelea. Hamkujua nimekaa kwa nini, na siwalaumu, injini ilipoondoka mlikuwa hamjazaliwa. Nilisubiri kidogo. Magoti yangu ni ya mzee, nilihitaji mkono. Nikashika ukingo.